Wastani Ni Mwongo: Historia ya Kukaza Katikati ya Safari Ndefu ya Baiskeli

Leo tuziweke seva na hifadhidata kando kidogo, tuzungumzie baiskeli. Wewe uliyekuja hapa kusoma mambo ya programu usifunge ukurasa bado, maana tutaishia kwenye hesabu na msimbo kama kawaida yetu. Ila kwanza historia.

Swali lenyewe ni la zamani. Mtu anayejiandaa kwa safari ya saa nne, tano au sita juu ya baiskeli afanye mazoezi gani? Kambi ya kwanza inasema apige kilomita nyingi kwa mwendo wa polepole, kwa sababu haraka haraka haina baraka. Kambi ya pili inasema akaze kwa dakika chache mpaka pumzi imwishie halafu arudi nyumbani, kwa sababu ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila kambi ina methali yake, ina mabingwa wake na ina wanasayansi wake. Halafu kuna njia ya tatu, ambayo ndiyo mada ya leo: kuchukua safari ndefu ya polepole na kupachika ndani yake vipindi vya kukaza. Kukaza hapa maana yake ni kuendesha kwa nguvu nyingi kwa sekunde 30 au dakika 5, kisha kurudi kwenye mwendo wako wa kawaida na kuendelea na safari.

Njia hii ilichukua muda mrefu kueleweka, na nadhani sababu yake anaijua kila mtu aliyewahi kuandika programu: hatukuwa na kipimo chake. Usichokipima hukioni.

Enzi ya kilomita

Tuanzie Ufaransa mwaka 1903. Gazeti la michezo la L'Auto lilikuwa likitafuta wasomaji. Mhariri wake, Henri Desgrange, aliijua baiskeli kwa miguu yake mwenyewe. Tarehe 11 Mei 1893, mjini Paris, aliendesha kilomita 35.325 kwa saa moja, na hiyo ndiyo rekodi ya kwanza rasmi ya saa moja. Gazeti lake likaanzisha Tour de France.

Tour ya kwanza ilikuwa na hatua sita tu, lakini hatua hizo zilikuwa na jumla ya kilomita 2,428. Ile ya kwanza, kutoka Paris hadi Lyon, ilikuwa kilomita 467, yaani karibu sawa na kutoka Nairobi hadi Mombasa kwa mkupuo mmoja, sehemu yake usiku. Walioanza walikuwa 60 na waliomaliza walikuwa 21. Mshindi alikuwa Maurice Garin, mtu aliyewahi kufanya kazi ya kusafisha mabomba ya moshi, na alimwacha wa pili kwa karibu saa tatu. Mwaka 1926 mambo yalifika kilele: hatua 17, kilomita 5,745, mshindi akiwa Mbelgiji Lucien Buysse. Gia za kubadilisha mnyororo ukiwa unaendelea kukanyaga zilikuja kuruhusiwa kwenye Tour mwaka 1937 tu.

Fikiria sasa mafunzo ya watu wa namna hii yangekuwaje. Vipimo vilivyokuwepo vilikuwa viwili, nguzo za maili kando ya barabara na saa ya mfukoni. Ukiwa na vipimo hivyo, mazoezi mazuri ni mazoezi marefu, basi. Mtu aliyekaza mlima mmoja na mtu aliyeupanda akipiga soga wote wanaandika namba ileile kwenye daftari jioni.

Moyo unaanza kuhesabiwa

Mabadiliko yalitoka kwa wakimbiaji. Miaka ya 1930, katika mji wa Freiburg nchini Ujerumani, kocha Woldemar Gerschler na daktari wa moyo Herbert Reindell walianza kutumia mapigo ya moyo kama saa ya mazoezi. Kanuni yao ilikuwa rahisi kama programu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mkimbiaji anakimbia kwa kasi mpaka moyo ufike kama mapigo 180 kwa dakika. Anapumzika. Moyo ukishuka hadi 120 ndani ya sekunde 90, anaanza tena. Usiposhuka, mzigo ulikuwa mkubwa mno, au mazoezi ya siku hiyo yamekwisha.

Hapa kuna jambo ambalo wengi wanalikosa. Jina la Kizungu la mazoezi haya ya vipindi halikutokana na ile mbio ya kasi, lilitokana na mapumziko ya katikati. Gerschler na Reindell waliamini kwamba moyo hujengeka wakati huo, mtu anapopoa. Tarehe 15 Julai 1939 mjini Milan, mwanafunzi wao Rudolf Harbig alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 46.6. Rekodi ya dunia aliyoivunja ilikuwa 1:48.4. Kupunguza sekunde 1.8 katika mbio za chini ya dakika mbili ni kama kubomoa ukuta. Harbig alifia vitani mwaka 1944.

Huko Sweden, kocha Gösta Holmér alikuwa na wazo la jirani lakini tofauti. Badala ya kusimama na kupumzika, mkimbiaji aende msituni, akaze akipenda, alegeze akichoka, bila kusimama. Mazoezi hayo yaliitwa fartlek, neno la Kiswidi lenye maana ya mchezo wa kasi. Msomaji wa Kenya neno hili analijua vizuri, maana pale Iten fartlek ya Alhamisi asubuhi imekuwa kama ibada. Ukitafuta babu wa njia yetu ya tatu, huyu ndiye: safari moja isiyokatika, yenye mikazo ndani yake.

Baada ya vita Emil Zátopek wa Czechoslovakia alichukua mazoezi ya vipindi na kuyazidisha, akirudia mita 400 mara nyingi kwa siku moja. Mwaka 1952 huko Helsinki alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni katika Olimpiki moja. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba mikazo mifupi ni ya watu wa mbio fupi peke yao.

Waendesha baiskeli walikuwa wapi wakati huo? Walikuwa wakikaza, lakini ndani ya mashindano. Tarehe 10 Juni 1949, katika Giro d'Italia, hatua ya kutoka Cuneo hadi Pinerolo ilikuwa na kilomita 254 na milima mitano. Fausto Coppi alichomoka kwenye mlima wa kwanza na kwenda peke yake kilomita 192. Gino Bartali, aliyeshika nafasi ya pili, alifika karibu dakika 12 baadaye. Mwaka 1965 Jacques Anquetil alishinda mbio za siku nyingi za Dauphiné Libéré, akapanda ndege jioni ileile, akaanza mbio za Bordeaux hadi Paris usiku huohuo, zaidi ya kilomita 550, nyingi akiwa nyuma ya pikipiki ndogo ya kumwongoza. Alizishinda pia.

Tunasoma habari hizi tunasema walikuwa majabali. Sawa. Lakini swali la mhandisi ni hili: ndani ya misuli kulikuwa kunatokea nini saa ya tano ambacho hakikuwepo saa ya kwanza?

Baiskeli inaingia maabara

Jibu lilianza kupatikana Sweden, na chombo kilichotumika kilikuwa baiskeli isiyokwenda popote, ile ya maabara.

Mwaka 1960 kikundi cha Per-Olof Åstrand wa Stockholm kilichapisha jaribio ambalo hadi leo ni zuri kulisimulia. Mtu alipewa mzigo mzito, karibu wati 350. Akiendesha mfululizo, dakika 9 zilitosha kummaliza. Kisha wakaukata mzigo uleule vipande: anakanyaga kiasi, anapumzika kiasi kilekile, kwa saa nzima. Kwa hiyo kila mara jumla ya kukanyaga ilikuwa dakika 30, na jumla ya kazi ilikuwa ileile. Vipande vya dakika 3 vilimchosha kabisa. Vipande vya sekunde 30 alivimaliza bila shida kubwa, na asidi ya uchovu katika damu haikupanda sana.

Rudia kusoma hapo. Kazi ni ileile, wati ni zilezile, saa ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio tu, na mpangilio ndio uliogeuza mateso kuwa kazi ya kawaida. Hilo litaturudia mbele.

Mwaka 1966 wakaja Jonas Bergström na Eric Hultman, ambao walijifanya panya wa maabara wao wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja, kila mmoja akikanyaga kwa mguu mmoja mpaka akachoka kabisa. Kisha walichukua vipande vidogo vya msuli kwa sindano kutoka miguu yote miwili. Katika mguu uliofanya kazi, glaikojeni, ile akiba ya wanga ndani ya msuli, ilikuwa imekwisha. Katika mguu uliopumzika ilikuwepo. Na baada ya siku chache za kula wanga, mguu uliofanya kazi ulijaza akiba mara mbili hivi kuliko mwenzake. Kwa hiyo tanki la mafuta liko ndani ya kila msuli, na tanki hilo linafunzika.

Mwaka 1974 Philip Gollnick, Karin Piehl na Bengt Saltin walikwenda ndani zaidi. Misuli ina nyuzi za aina mbili kuu, za polepole zisizochoka upesi na za haraka zenye nguvu nyingi lakini zinazochoka. Watafiti hawa waliwaendesha watu baiskeli kwa viwango mbalimbali, wakaangalia ni nyuzi zipi zimeishiwa na akiba. Katika mwendo wa wastani, nyuzi za polepole ndizo zilizoanza kuisha. Lakini mtu akiendelea kwa muda mrefu, nyuzi za haraka nazo zikaanza kutumika, kuziba pengo. Katika mikazo mikubwa, nyuzi za haraka ziliitwa kazini tangu mwanzo.

Ukiweka matokeo hayo mezani, unaona milango miwili ya kuzifikia nyuzi za haraka. Mlango wa kwanza ni kukaza. Mlango wa pili ni kwenda mbali mpaka zile za polepole zichoke. Njia ya tatu inafungua milango yote miwili kwa pamoja, kwa sababu unakaza ukiwa tayari umekwenda mbali. Hiyo ndiyo sababu ya kimwili, na ilikuwepo kwenye karatasi mwaka 1974. Ila karatasi iko maktaba na mwendesha baiskeli yuko barabarani. Kati yao hakukuwa na daraja.

Kutoka mapigo hadi wati

Daraja la kwanza lilijengwa Finland. Kampuni ya Polar, iliyoanzishwa mwaka 1977 karibu na mji wa Oulu, ilitoa mwaka 1982 kifaa cha kupima mapigo ya moyo bila waya: mkanda kifuani, saa mkononi. Sasa kanuni ya Freiburg ingeweza kwenda nawe mlimani.

Mwaka huohuo Mwitaliano Francesco Conconi alichapisha njia ya kukadiria kizingiti cha mwili kwa kutazama pale ambapo mapigo ya moyo yanaacha kupanda sawasawa na kasi. Mwanafunzi wake maarufu alikuwa Francesco Moser. Tarehe 19 Januari 1984, mjini Mexico City, Moser alivunja rekodi ya saa moja ambayo Eddy Merckx aliiweka mwaka 1972 katika mji huohuo, kilomita 49.431. Moser alifikisha 50.808, na siku nne baadaye 51.151.

Ulimwengu ukapiga makofi kwa ajili ya sayansi: vipimo vya moyo, magurudumu yaliyozibwa kama sahani, ratiba za mikazo. Baadaye Moser mwenyewe alikiri kwamba aliongezewa damu, jambo ambalo mwaka 1984 lilikuwa halijapigwa marufuku. Watafiti wengine nao walikuja kuitilia shaka ile njia ya Conconi yenyewe. Somo hapa ni zito kwa sisi watu wa data. Matokeo mazuri si ushahidi kwamba njia unayoiona ndiyo iliyoyaleta. Kunaweza kuwa na kigezo ambacho hakikuandikwa kwenye faili.

Na mapigo ya moyo yana kasoro yake. Yanachelewa. Ukikaza sekunde 30, moyo unafika kileleni wewe ukiwa umekwisha kulegeza. Jua likiwaka yanapanda, kahawa ikizidi yanapanda, na baada ya saa tatu yanapanda yenyewe hata kama hujaongeza chochote. Ni kama kupima mzigo wa seva kwa kugusa joto la sanduku lake.

Mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer ndiye aliyeleta kipimo cha moja kwa moja mwaka 1986. Kampuni yake, SRM, iliweka vihisi vidogo ndani ya krenki vinavyopima jinsi chuma kinavyopinda unapokanyaga. Zidisha msukumo huo wa kuzungusha kwa kasi ya mzunguko, unapata wati. Mmarekani Greg LeMond alikuwa miongoni mwa mabingwa wa kwanza kukitumia. Sasa kila sekunde ya safari ilikuwa na namba yake. Safari ya saa nne ni mistari 14,400 kwenye faili. Na hapo ndipo wenzetu wa programu tulipoingia.

Wastani unavyodanganya

Ukipewa mistari 14,400, jambo la kwanza utakalofanya ni kutafuta wastani. Tujaribu.

Mtu ameendesha saa nne. Muda mwingi alikuwa kwenye wati 150, lakini alipachika vipindi vitano vya dakika 4 kwa wati 300. Kwa hiyo dakika 220 za wati 150 na dakika 20 za wati 300. Wastani wake ni wati 162.5. Mwenzake aliyekwenda wati 162 bila kubadilika ana karibu wastani uleule. Kwa jedwali la takwimu wamefanya mazoezi sawa. Muulize yule wa kwanza akipanda ngazi kesho yake, atakuambia.

Andrew Coggan, mtaalamu wa fiziolojia wa Marekani, alipendekeza dawa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2006 yeye na Hunter Allen wakaieneza kwa kitabu chao cha mafunzo kwa kipima nguvu. Hatua zake ni nne. Lainisha data kwa wastani wa sekunde 30 zinazotembea, kwa sababu mwili nao hauitikii papo hapo. Kila namba uliyopata ipandishe kwenye kipeo cha nne. Tafuta wastani wa hizo. Mwisho chukua kipeo cha robo ili urudi kwenye wati. Kipeo cha nne hakikutoka hewani, kilitokana na jinsi asidi ya uchovu katika damu inavyopanda kwa kasi kadiri nguvu inavyoongezeka.

Fanya hesabu hiyo kwa mtu wetu. Utapata kama wati 184 badala ya 162.5. Na ukichungulia ndani, utaona zile dakika 20, ambazo ni asilimia 8 tu ya muda, zimebeba karibu asilimia 59 ya jumla ya vipeo. Kwa mara ya kwanza mkazo mdogo ndani ya safari kubwa ulionekana kwenye namba moja.

Kuna jambo jingine lililotokea mwaka huohuo wa 2006 ambalo blogu hii haiwezi kuliruka. Sean Rhea, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alianzisha GoldenCheetah, programu huria ya kusoma na kuchambua data za vipima nguvu. Kabla ya hapo ulitegemea programu ya kampuni iliyokuuzia kifaa. Sasa mtu yeyote angeweza kufungua msimbo na kuona namba yake imetoka wapi. Ujuzi uliokuwa wa timu zenye fedha ukawa wa kila mwenye tarakilishi na subira ya kusoma. Kifaa chenyewe kilibaki ghali, lakini hesabu ikawa bure.

Kisichojulikana na kipeo cha nne

Sasa rudi kwa Åstrand na mpangilio wake. Chukua zile dakika 20 za mkazo. Ziweke zote saa ya kwanza, upate 184. Ziweke zote saa ya nne, upate 184 ileile. Kanuni ya Coggan haijui mfuatano, kwa sababu kujumlisha hakujali nani alitangulia. Lakini miguu inajua. Gollnick na wenzake walikwisha kutuonyesha kwamba saa ya nne misuli ni ileile kwa jina tu.

Jaribio moja la kuingiza mfuatano lilitoka kwenye wazo la Wafaransa Hugues Monod na Jean Scherrer la mwaka 1965. Wao walisema kila mtu ana nguvu fulani anayoweza kuishikilia kwa muda mrefu, na juu yake ana akiba ndogo yenye kikomo, kama betri ya simu. Mfano: kiwango chako ni wati 250 na akiba yako ni juli 20,000. Ukikanyaga wati 350, unatumia juli 100 kila sekunde, kwa hiyo betri inakwisha baada ya sekunde 200. Mwaka 2012 Philip Skiba na wenzake waliongeza upande wa kuchaji: ukilegeza chini ya kiwango chako, akiba inarudi kidogo kidogo. GoldenCheetah ikauweka mfano huo kwenye grafu, na watu wakaanza kuona betri yao ikishuka na kupanda mlima kwa mlima.

Bado kuna shimo. Mfano huo unachukulia kwamba zile wati 250 ni zilezile tangu asubuhi hadi jioni. Mwaka 2021 watafiti walilisema jambo hili waziwazi. Ed Maunder, Stephen Seiler na wenzao waliandika kwamba uwezo wa kutodhoofika ndani ya safari ndefu ni sifa ya kujitegemea, na inafaa ipimwe peke yake. Mwaka huohuo Teun van Erp na wenzake walichambua data za waendesha baiskeli wa kulipwa. Walipowalinganisha wakiwa wabichi, washindi na wasindikizaji hawakutofautiana sana. Tofauti ilijitokeza baada ya kazi nyingi kufanyika. Bingwa hakuwa lazima yule mwenye namba kubwa asubuhi. Alikuwa yule ambaye namba yake haikuporomoka jioni.

Kambi mbili zinajibiwa

Hapa tunaweza kurudi kwenye ugomvi wa mwanzo. Kambi ya mikazo mifupi ina ushahidi wa kweli. Mwaka 1996 Izumi Tabata wa Japani alionyesha kwamba vipindi vya sekunde 20 vyenye mapumziko ya sekunde 10, siku tano kwa wiki kwa wiki sita, viliongeza uwezo wa kutumia oksijeni na pia uwezo wa kufanya kazi bila oksijeni ya kutosha. Mwaka 2005 kikundi cha Martin Gibala nchini Canada kiliwapa watu vikao sita tu katika wiki mbili, kila kikao mikazo 4 hadi 7 ya sekunde 30, na muda wao wa kustahimili mzigo fulani kwenye baiskeli ukapanda kutoka wastani wa dakika 26 hadi 51. Watu wakasoma vichwa vya habari wakasema safari ndefu zimekufa. Lakini angalia dakika 51. Mtihani wenyewe haukufika hata saa moja, na hautuambii kitu kuhusu saa ya tano.

Kambi ya kilomita nayo ina ushahidi. Mwaka 2006 Seiler alichapisha uchunguzi wa vijana wa Norway wanaoshindana katika mbio za theluji, na karibu vikao vitatu kati ya vinne vilikuwa vya mwendo mwepesi kweli. Anayekaza kila siku haongezi mkazo, anaongeza uchovu.

Njia ya tatu ilipata jaribio lake mwaka 2020, tena Norway, kwa kikundi cha Bent Rønnestad na wenzake. Waliwachukua waendesha baiskeli wa kiwango cha juu katika wiki tatu za mapumziko ya mwisho wa msimu. Kundi moja lilifanya safari nyepesi tupu. Kundi la pili, mara moja kwa wiki, lilipachika ndani ya safari nyepesi seti tatu za mikazo mitatu ya sekunde 30. Waliopachika mikazo waliulinda uwezo wao wa kuchomoka vizuri zaidi kuliko wenzao. Dakika nne na nusu za kukaza kwa wiki, basi. Kundi lilikuwa dogo na muda mfupi, kwa hiyo tusijenge dini juu yake. Lakini mwelekeo unafanana na yale misuli iliyokwisha kutuambia mwaka 1974.

Kutoka Kikuyu hadi Kigali

Kama unadhani hizi ni habari za Wazungu na maabara zao, tazama nyumbani. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na akiwa kijana alifundwa na David Kinjah kijijini Mai-a-Ihii karibu na Kikuyu, akiendesha na vijana wa Safari Simbaz. Alikuja kushinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017. Lakini siku yake inayofanana zaidi na ile ya Coppi ilikuwa Mei 2018, hatua ya 19 ya Giro. Baada ya wiki karibu tatu za mashindano, akiwa nyuma kwa zaidi ya dakika tatu, alichomoka kwenye mlima wa Finestre zikiwa zimebaki kilomita 80, akaenda peke yake hadi mwisho na kutwaa jezi ya kiongozi.

Halafu Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali. Mbio za wanaume zilikuwa kilomita 267.5, na mji ule ni vilima juu ya vilima. Tadej Pogačar aliwasha moto kwenye Mont Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100. Waliomaliza walikuwa 30. Asubuhi ya siku ile wote walikuwa na miguu ya kukaza mlima mmoja. Suala lilikuwa nani bado anayo mchana.

Bila kipima nguvu

Wengi wetu hatuna kifaa cha SRM na huenda hatutakuwa nacho. Kuna wanaosoma hapa wenye Black Mamba ya babu na saa ya mkononi, na hizo zinatosha kupima kile ambacho namba nyingi zilishindwa kukipima kwa miaka.

Tafuta mlima mmoja wa dakika tano hadi nane karibu na kwenu. Siku ya safari ndefu, baada ya kupasha mwili joto, upande kwa nguvu ambayo ungeweza kuishikilia kidogo zaidi ya hapo, uandike muda. Endelea na safari yako nyepesi, ule na kunywa maji kama kawaida. Saa tatu baadaye rudi kwenye mlima uleule, upande kwa bidii ileile, uandike tena. Tofauti ya muda ndiyo namba yako. Kisha mara moja kwa wiki, wala si zaidi, pachika mikazo michache ya sekunde 30 ndani ya safari ndefu, ukiipumzikia vya kutosha katikati, na baadhi yake uisogeze kuelekea mwisho. Kama una tatizo la moyo au hujafanya mazoezi siku nyingi, muone daktari kwanza. Baada ya wiki sita rudia mtihani wa mlima.

Kama tofauti imepungua, umejenga kitu ambacho wastani usingekionyesha kamwe. Kama haijapungua, pia umejifunza, na hukumlipa mtu yeyote. Nitakayeandika programu ya kuchora grafu ya mtihani huu ni mimi, na msimbo nitauweka wazi hapahapa.